Usiuache Moto Wako

Alwyn Treloar angeweza kununua kufuli. Duka la vifaa hapa Wirrabin lina makufuli ya kila aina, yametundikwa ukutani karibu na mbegu za maboga, na mwenye duka alimtolea moja zuri akamwekea juu ya kaunta. Alwyn akalitazama, akashukuru, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wakati wa baridi watu wa mji mdogo hawana kazi nyingi, kwa hiyo kufikia jioni sote tulishajua kwamba mzee Treloar amekataa kufuli, na kwamba anataka kufua komeo lake mwenyewe, kwa chuma chake mwenyewe, kwa mkaa atakaouchoma mwenyewe. Tulicheka kidogo. Tangu astaafu kazi ya reli uhunzi ulikuwa umempanda kichwani, na hakuna nyumba huku isiyokuwa na angalau kulabu moja iliyopinda ya Alwyn, uliyopewa Krismasi ukashindwa kuitupa.

Kumbe alikuwa na sababu yake. Kufuli alishalijaribu. Verna, mkewe, alikuwa amepotewa na kumbukumbu, kwanza majina, kisha siku, kisha watu wenyewe, na katika kupotea huko miguu ilikuwa imepata uhai mpya. Alikuwa akitoka getini na kwenda zake barabarani, huko yanakopita malori ya magogo. Alwyn alipofunga geti kwa kufuli, Verna alilishika kwa mikono miwili akalitikisa mpaka vidole vikachubuka, akilia na kuuliza ameiba nini hata afungwe. Alwyn alilifungua siku ile ile akalitupa bwawani. Tangu hapo geti lilikuwa linafungwa kwa kitanzi cha waya, na waya ule Verna alishajua kuuchomoa.

Ndipo likamjia wazo la komeo. Lingekuwa na umbo la jani la mkaratusi, refu, limejikunja kidogo kwenye ncha, na mtu yeyote angelidhania pambo tu. Kumbe ili lifunguke inabidi ulisukume juu kwa mkono mmoja huku ukivuta kijiti kwa nyuma kwa mkono wa pili. Mambo mawili kwa wakati mmoja Verna alikuwa hawezi tena. Angelishika, angelipapasa, angeona ni jani, angerudi ndani kunywa chai. Asingelia. Hilo ndilo lililomsumbua Alwyn kuliko malori: kwamba asilie, asijione mfungwa kwenye bustani yake mwenyewe.

Na lilitakiwa kuwa tayari kabla ya Jumapili. Jumapili binti yao, Leanne, alikuwa anakuja kutoka mji wa Bendigo na habari kwamba kitanda kimepatikana katika makao ya wazee.

"Baba, sikusukumi," alikuwa amesema kwenye simu, na mtu akianza hivyo ujue anasukuma. "Lakini wakisema tumekikataa, anapewa mwingine. Nikija nikakuta Mama bado anatoka, nasaini."

"Ukija utakuta geti limefungwa, na hakuna anayelia."

"Kwa nini usinunue tu kitu dukani?"

"Kwa sababu mama yako si mbuzi."

Leanne akasema, "Sawa, Baba. Jumapili," na Alwyn akaishika ahadi ile kama kwamba imeandikwa na hakimu.

Sasa mkaa. Makaa ya mawe aliyozoea yalikuwa yamekwisha, na yule aliyekuwa akiyauza alikuwa amefunga biashara. Col Brannigan, jirani yake na mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, alimwambia waziwazi achukue mfuko wa mkaa wa kuchomea nyama, aache ukaidi.

"Ule?" Alwyn akasema. "Nusu mti, nusu vumbi. Unatema cheche mpaka kwenye ndevu."

"Huna ndevu, Al."

"Unadhani zilikwenda wapi?"

Col alicheka mpaka akashika uzio. Lakini ukweli ni kwamba jani lile lilitakiwa kuunganishwa na shina lake kwa moto na nyundo tu, bila kuchomelea kwa umeme, na kazi hiyo inataka mkaa safi, mkavu, mgumu. Alwyn alikuwa na miti ya miwati iliyoanguka na upepo, aliyoipasua na kuianika chini ya paa la karakana tangu kiangazi. Huo ndio ukweli wa kihunzi. Ukweli mwingine ni kwamba mkaa wa nyama ungetosha, kwa shida kidogo na kwa matusi mengi, na Alwyn alijua. Alitaka kitu hiki kimoja kiwe kizuri toka mwanzo mpaka mwisho. Mtu akishanyang'anywa mengi, anakuwa mbishi kwa madogo.

Hapa lazima niseme Verna alikuwa nani, kwa sababu ukimwona wakati ule, mama mwembamba mwenye viatu vya kuvalia ndani, usingedhani. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa sauti ya redio ya kikosi. Hakuwahi kupanda gari la zimamoto, lakini magari yote yalikwenda alikoyatuma. Na hakuna mkulima huku ambaye hakuwahi kukemewa na sauti ile. Sheria yake ilikuwa moja: usiuache moto wako. Ukiwasha, unasimama nao mpaka uzime, hata akija malkia. Pasta aliwahi kuwasha majani nyuma ya kanisa akaingia ndani kupokea simu, na Verna, aliyekuwa akipita, alimtoa ndani mbele ya kwaya nzima akampa somo ambalo kwaya inalikumbuka kuliko mahubiri yoyote.

Naye mwenyewe alikuwa na sheria yake. Hakuondoka kwenye redio mpaka kila gari liripoti kwamba moto umezimika na watu wote wamerudi. Ule mwaka wa moto mkubwa, gari la mwisho lilikuwa la Alwyn. Wenzake walimletea Verna chai, wakamwambia alale kidogo, watamwamsha. Akakataa hata kugeuza shingo. Sauti ya Alwyn ilipotokea hatimaye, imekauka kwa moshi, ikisema moto umezimika, Verna alijibu kwa utulivu kama anavyojibu siku zote, akaweka chombo chini, ndipo akatapika. Kibanda chenyewe cha zimamoto, pale karibu na uwanja wa mpira, kilikuja kubomolewa tulipojengewa kipya upande wa pili wa mji. Imebaki sakafu ya zege na nyasi kwenye nyufa.

Ijumaa ile asubuhi ilikuwa na ukungu, hakuna upepo, siku nzuri ya kuchoma. Alwyn alimpigia Col simu kwanza, kama inavyotakiwa, akamwarifu kwamba moshi ukionekana kwake ni mkaa wala si nyumba. Akamketisha Verna jikoni kwenye dirisha linalotazama uani, akampa chai, mkate wa kuokwa na kikapu cha sufu anayopenda kuichambua. Akavaa lile sweta la kijani alilofumiwa na Verna zamani, lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Kisha akaenda kwenye pipa.

Pipa lilikuwa la mafuta, lenye matundu chini, limekaa juu ya matofali. Alilijaza kuni kwa kuzisimamisha, akawasha, akasimama. Kazi ya mkaa ni kusimama. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, ni maji ya mti yanayotoka. Unafuata wa manjano, unaokera macho. Mwishoni moshi unakonda, unakuwa wa samawati, unakaribia kutoonekana, na hapo ndipo unapoziba. Ukiziba mapema, umepata kuni zilizoungua nje. Ukichelewa kidogo tu, hewa inaingia chini, mkaa wenyewe unashika moto, na kesho yake unafungua pipa la majivu. Hakuna saa inayokuambia. Ni macho yako.

Kila mara aligeuka kutazama dirishani. Verna alikuwepo, akichambua sufu. Moshi wa manjano ulipokuwa unatambaa chini, ukaingia hata jikoni kwa mlango wa nyuma, Alwyn alimwona akiinua uso, akivuta hewa puani. Alimpungia mkono. Hakupungiwa.

Moshi ulikuwa umeanza kukonda aliposikia waya wa geti. Aligeuka. Verna alikuwa getini, amevaa koti lake la mvua, vifungo vyote vimefungwa sawasawa, na kwa wiki nyingi Alwyn ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo.

"Verna! Unakwenda wapi, mpenzi?"

Akageuka. Uso ulikuwa wa zamani. Sijui niseme vipi zaidi. Ni yeye mwenyewe aliyetazama kupitia macho yale.

"Alwyn," akasema.

Tangu kiangazi Alwyn alikuwa hajaitwa jina lake na mkewe. Ameitwa bwana, ameitwa wewe kaka, ameitwa jina la shemeji yake aliyekwisha kufa. Alisimama na koleo la udongo mkononi, kinywa wazi.

"Usiuache moto wako, Alwyn," Verna akasema, kwa sauti ile ile iliyomtoa pasta kanisani. "Unanisikia? Mimi nipo. Wewe simama hapo hapo."

"Nimekusikia, Verna."

"Haya basi."

Na Alwyn akasimama. Tusimhukumu haraka. Mtu mwingine yeyote, wa mji mwingine, angetupa koleo akakimbia getini. Lakini Alwyn alikuwa mtu wa huku, aliyelelewa kwamba moto hauachwi, na aliyemwamuru ni Verna, kwa jina lake, na moshi ulikuwa unageuka samawati wakati ule ule. Zaidi ya yote alikuwa na furaha. Alikuwa na furaha mpaka akacheka peke yake uani kama mwendawazimu. Alijiambia: naziba sasa hivi, kisha naenda kusimama naye pale kwenye sanduku la barua, anapopenda kusimama, nimwombe aniite tena.

Akaziba matundu ya chini kwa udongo. Akaweka kifuniko, akakipaka tope ukingoni, akatafuta uzi wa moshi uliokuwa ukipenya upande mmoja, akauziba pia. Alifanya kazi safi, hakuna haraka iliyoharibu kitu. Akaweka jiwe juu. Kisha akanawa mikono, hata mikono alinawa, akaenda getini.

Waya ulikuwa unaning'inia. Kwenye sanduku la barua hakukuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umekula barabara pande zote mbili.

Alimwita. Akarudi ndani kutazama, labda amepita nyuma. Jikoni chai ilikuwa imepoa. Ndipo hofu ikamshika barabara, akaingia kwenye pikapu na kuelekea njia ya kijito, kwa sababu mara zote Verna akitoroka alikuwa anakwenda huko, kwenye nyumba ya zamani ya mama yake. Alikwenda polepole, dirisha wazi, akiita. Hakumkuta njiani. Hakumkuta kwenye nyumba. Akashuka kijitoni, akatembea ukingoni akitazama maji, na kila gogo lililolala ndani liliukata moyo wake.

Alipompigia Col, sauti ilikuwa haitoki vizuri. Lakini Col hakuhitaji maneno mengi. Kikosi kizima kilitoka. Mchana ukawa umegeuka, ukungu ukapasuka, ikaanza mvua nyembamba ya barafu inayopigwa na upepo wa kusini. Tulipekua mabwawa. Tulipekua mabanda ya kukatia kondoo manyoya. Mke wa mwenye duka alisimama barabarani akisimamisha malori. Alwyn alikuwa anarudi njia ya kijito kila mara, kama mtu aliyeangusha pete.

Giza lilikuwa linakaribia Col alipomkamata mkono amketishe kwenye gari, anywe kitu cha moto. Alipomkaribia akakunja pua.

"Al, unanuka moshi. Ulikuwa unachoma leo?"

"Mkaa. Nilikuarifu."

"Uliniarifu, nilisahau. Na Verna aliuona huo moshi?"

Alwyn alimtazama. Akakumbuka uso ulioinuliwa dirishani, pua ikivuta hewa. Akakumbuka vifungo vya koti.

"Mungu wangu," akasema. "Col, amekwenda kazini."

Walimkuta pale karibu na uwanja wa mpira, kwenye ile sakafu ya zege, katikati ya mvua. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mahali pale pale palipokuwa na meza ya redio, mgongo umenyooka. Midomo ilikuwa ya buluu. Mkono mmoja ulikuwa sikioni, umeshika kitu kisichokuwepo. Alwyn alipiga magoti mbele yake akamwita, akamshika mabega, na yeye akamsukuma kando bila ukali, kama unavyomsukuma mtu anayekuzibia njia.

"Subiri," akasema. "Bado kuna mtu nje."

"Verna, twende nyumbani."

"Bado kuna mtu nje!"

Hakukubali kuinuka. Alikuwa anatetemeka mpaka ndoo inagonga zege, lakini hakukubali. Ilibidi Col asogee, asimame wima kwenye mvua ile, na aseme kwa sauti ya kazi, "Wirrabin, huyu ni mkuu wa kikosi. Moto umezimika. Watu wote wamerudi." Verna akasikiliza mpaka mwisho. Akaweka chini kile kitu kisichokuwepo. Kisha miguu ikakataa, nao wakambeba.

Kwa nini Alwyn hakuyasema maneno yale mwenyewe? Aliniambia baadaye kwamba alitaka, ila koo lilikuwa limefunga. Na pia kwamba hayakuwa ya kweli. Pipa lilikuwa bado linawaka ndani kwa ndani.

Leanne hakusubiri Jumapili. Alifika hospitali usiku ule ule, akamkuta mama yake amefunikwa mablanketi na baba yake ameketi pembeni na sweta lililolowa. Hakugomba. Ingekuwa heri angegomba.

"Baba, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye moto."

"Ulimwona akitoka?"

Angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua. "Nilimwona," akasema. "Aliniita jina langu, Leanne."

Leanne alifunika uso kwa mikono. Alipoifunua akasema, "Nasaini, Baba," naye Alwyn akatikisa kichwa kukubali. Verna alipona homa ya mapafu, na kutoka hospitali alipelekwa moja kwa moja kwenye makao ya wazee, kwenye mlango unaofunguliwa kwa namba. Nyumbani kwake hakurudi tena.

Alwyn alikaa muda mrefu kabla ya kuligusa pipa. Siku alipolifungua alikuwa anatarajia majivu, nadhani alikuwa anayatamani. Alipasua tope, akainua kifuniko, na ndani ulikuwa mkaa bora kuliko wote aliowahi kuchoma. Vipande vimesimama kama alivyovipanga, vyeusi, vinang'aa, hata miviringo ya mti inaonekana. Aligonga viwili, vikalia kama vigae. Hakuna kipande kibichi, hakuna kilichoungua kupita kiasi. Alikuwa ameziba kwa wakati wake hasa. Akarudisha kifuniko, akaweka na jiwe.

Verna hakumjua. Alwyn alikuwa anakwenda kumwona amenyoa, amevaa shati safi, na Verna alikuwa anampokea kwa adabu anayopewa mgeni. Aliwahi kumuuliza kama amekuja kusoma mita. Alwyn aliyavumilia hayo. Alikuwa anarudi nyumbani anakaa jikoni, kwenye kile kiti cha dirishani, bila kuwasha taa.

Halafu ikaja siku moja ya baridi kali na upepo, akanyakua sweta la kijani kwenye msumari bila kufikiri. Lilikuwa halijafuliwa tangu Ijumaa ile. Alipoingia chumbani na kuinama kumbusu, Verna alivuta hewa. Uso ukafunguka.

"Alwyn!" akasema, akamshika shavu. "Umechelewa. Na mkono wa sweta bado hujaukunja."

Alwyn aliketi kitandani. Walizungumza. Walizungumza kweli, kuhusu sweta, kuhusu Leanne alivyokuwa mtoto mwenye kisirani, na Verna alicheka kicheko chake cha puani. Alwyn aliona kwamba ufunguo ni harufu hii ya moshi, ulikuwa mwilini mwake muda wote, na kwamba angechoma moto kila siku ya maisha yake, angelala ndani ya moshi ikibidi.

"Unatoka wapi huo moshi?" Verna akauliza ghafla.

"Ni wa zamani, mpenzi. Si kitu."

"Nani yuko kwenye redio?"

Akainuka. Akaenda mlangoni, akabonyeza, akavuta, akapiga. Mhudumu mmoja alijaribu kumshika akapigwa kiwiko mdomoni, damu ikatoka. Ilichukua watu watatu. Verna alikuwa anapiga kelele kwamba watu wataungua, kwamba kuna watu nje na hakuna anayewasikiliza, na Alwyn alikuwa amesimama ukutani na lile sweta, hathubutu kumsogelea kwa sababu kila akisogea ilizidi. Walimchoma sindano. Alipolala, alama za vidole zilikuwa mikononi mwake mwote.

Muuguzi mkuu alimwita pembeni. Alikuwa mama mpole, wala hakumlaumu.

"Mzee Treloar, tafadhali. Nguo za moshi usije nazo tena. Unaona mwenyewe."

"Akinusa moshi ananijua."

"Najua."

"Bila huo hanijui kabisa."

"Najua," muuguzi akarudia, machozi yakamlengalenga, akageukia dirishani.

Leanne alilifua sweta mara mbili kwa maji ya moto, likasinyaa hata mikono ikalingana. Alwyn alimwambia Col aje auchukue mkaa wote kama anautaka, na Col akaja, akaangalia ndani ya pipa, akasema hajawahi kuona mkaa kama ule, kisha akajuta kusema, akaondoka bila kuchukua. Pipa bado lipo. Kile kipande cha chuma, jani lililofuliwa nusu, bado kiko juu ya fuawe, kimepata kutu. Geti liko wazi siku hizi, hakuna wa kumzuia, na kondoo wa Col wameingia wakamaliza mawaridi ya Verna mpaka shinani. Alwyn aliwatazama wakila.

Lakini hakuacha kwenda. Anaoga kwanza, anajisugua kucha, anavaa lile shati. Wiki iliyopita alimkuta Verna ametulia, ameketi penye jua na kikombe cha chai na biskuti mbili kwenye kisahani. Verna alimwonyesha kiti.

"Umekuja kutengeneza mlango?"

"Hapana. Nimekuja kukuona tu."

"Vizuri. Mume wangu naye angekuja, lakini ana moto." Verna alisogeza kisahani, akampa biskuti moja. "Anachoma mkaa. Nilimwambia asiuache. Wanaume wengine ukigeuka tu, wameshaondoka. Yeye hapana. Ukimwambia asimame, anasimama."

Alwyn aliishika ile biskuti. Hakuweza kuila.

"Nasubiri aniambie umezimika," Verna akasema. "Akishasema, narudi nyumbani."

Safari hii koo lilifunguka. "Verna," akasema, "umezimika. Umezimika kabisa. Watu wote wamerudi."

Verna alimtazama kwa upole, akimchunguza uso, shati, mikono iliyosuguliwa. Kisha akampigapiga gotini, kama mtu anayemsamehe mgeni kwa kutojua.

"Asante, bwana. Lakini wewe utajuaje? Haukuwa moto wako."

Akageukia dirisha akaendelea kunywa chai yake. Alwyn alikaa naye mpaka walipokuja kukusanya vikombe.